Laptopu inachemka na kuganda: nisafishe, niweke SSD au nichukue nyingine ya mtumba?

Mama_Steshenari
Habari za jioni wakuu. Nina laptopu ya 2014, i5 kizazi cha 4, RAM 4, hadidiski ile ya zamani inayozunguka. Ndiyo inayonilisha hapa Mwanjelwa, Mbeya: barua, CV, fomu za wanafunzi. Siku hizi ikifika saa nne asubuhi inavuma kama mashine ya kusaga, halafu inaganda. Mshale hausogei, mteja kakukodolea macho. Fundi wa kwanza kasema kuisafisha na kubadilisha pesti ya prosesa, ile ya kupitishia joto, elfu 20. Wa pili kasema SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, elfu 60. Wa tatu anataka niongezee laki tatu nichukue ya mtumba. Nianzie wapi?

Mnjombe_halisi
Mbeya na baridi yote hiyo laptopu inachemka? Ilete huku Njombe tuiotee moto 😂

Kijana_Uyole
Ugonile mama. Nunua kile kipozeo chenye feni, unaiweka juu yake, basi. Mimi nina mwaka wa pili.

Fundi_Mafiati
Kijana, hicho ni kumpepea mtu aliyevaa makoti mawili. Mama, ikifunguliwa tazama kati ya feni na yale mapezi ya shaba pa kutolea joto. Nazikuta na vumbi limeshonana kama kipande cha blanketi, unalibandua kwa vidole. Hewa haipiti hata ungekuwa kwenye baridi ya Kitulo. Na mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko ya Dar. Anayekusafishia bila kufungua, anapuliza kwa nje tu, mkimbie. Na akipuliza, feni aizuie kwa kijiti isizunguke ovyo, bushi zitakufa.

Bint_Iyunga
Naomba nitofautiane kidogo na fundi. Joto na kuganda vinaweza kuwa magonjwa mawili. Prosesa ikichemka hupunguza kasi yenyewe, mashine inakuwa nzito, na joto likizidi mno inazima ghafla. Lakini mshale kusimama huku taa ya diski imewaka tu haizimi, hapo mimi naishuku hadidiski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, angalia safu ya diski. Kama iko 100% na wewe umefungua barua moja tu, umempata mchawi. Kipimo kingine: washa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye fleshi, hadidiski iwe imechomolewa kabisa, uichezee saa nzima. Isipoganda, yaelekea prosesa na RAM ziko salama.

Fundi_Mafiati
Hapo kwenye fleshi nimekubali. Wengi hatufanyi, tunakimbilia kuuza kifaa.

Mzee_wa_Tunduma
Kabla ya yote hayo nakili kazi za wateja kwenye fleshi. Hadidiski ikianza kuganda haikuagi. Na uangalie kama pedi ya kipanya imeinuka; ikiwa imeinuka betri imevimba, usiichaji tena. Ya mtumba mimi ningeiacha kwanza: unanunua vumbi la mtu mwingine. Ila ujue, hiyo yako Windows 11 hawaikubali, kwa prosesa za Intel wanaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kwa hiyo usiimwagie laki mbili.

Mama_Steshenari
Nimerudi. Betri nzima. Diski ilikuwa 100% asubuhi nzima. Kwa fleshi ya yule binti haikuganda hata mara moja, ila feni ilivuma vilevile na chini palichoma. Nimefunguliwa leo nikiwa nimekaa palepale. Blanketi nimeliona kwa macho, na masizi juu. Nilikuwa naweka jiko la mkaa chini ya meza miezi ya Juni na Julai, miguu inakufa ganzi jamani.

Nimelipa usafi na pesti, na SSD nimeichukua, fundi kapunguza, jumla elfu 70. Inawaka kabla sijamaliza kufungua madirisha ya duka. Jiko nimelihamishia uani.

Mnjombe_halisi
Na miguu je?

Mama_Steshenari
Soksi mbili.