Helmeti za mbio za magari: zinalinda ubongo au fuvu tu?

Mtoa mada: Wakuu, gari likipinduka dereva akatoka mzima, sifa zote zinakwenda kwa helmeti. Mimi nasema tunazidisha. Helmeti inazuia fuvu lisipasuke na chuma kisipenye. Basi. Kichwa kikisimama ghafla au kikazungushwa, ubongo unaendelea kwenda humo ndani, nyuzi zake zinavutika hadi kukatika. Ndilo jeraha la Jules Bianchi, dereva wa Formula 1. Suzuka, Japani, Oktoba 2014, mvua inanyesha, gari lake likaingia kwenye trekta la kuondolea magari likiwa na kasi ya kilomita 126 kwa saa. Helmeti ya daraja la juu alivaa. Hakuzinduka tena; alifariki Julai 2015.

Kipanga: Mkuu, hapo umeonea. Trekta la tani 6.5! Helmeti gani itahimili? Mtazame Felipe Massa, naye wa Formula 1, Hungary 2009. Springi ilichomoka kwenye gari la dereva mwenzake, Barrichello, ikampiga juu ya jicho la kushoto. Fuvu lilipasuka, ndiyo, lakini 2010 alikuwa mashindanoni. Bila helmeti tungezika. Na baada ya hapo wakaongeza utepe wa Zylon, nyuzi ngumu sana, juu ya kioo cha helmeti.

Mtoa mada: Umenisaidia. Massa alipigwa na kitu, na kazi ya helmeti ni hiyo. Mimi naongelea kugonga ukuta. Kurt Busch, dereva wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, uwanja wa Pocono 2022, aligonga akifukuzia nafasi ya kuanzia, ubongo ukatikisika, hakurudi tena kwenye msimu ule, na mwaka uliofuata akatangaza kustaafu. NASCAR walifanyaje? Walilainisha sehemu ya nyuma ya gari, maana ilikuwa ngumu mno.

Bibi Gia: Nanyi mnasahau shingo. Dale Earnhardt, naye wa NASCAR, uwanja wa Daytona 2001: mwili umefungwa mkanda, kichwa kikaendelea mbele na uzito wa helmeti juu yake, kitako cha fuvu kikapasuka. Mwaka huohuo NASCAR wakalazimisha vifaa vya kushikilia kichwa, kama HANS, kola ya mabegani inayofungwa kwenye helmeti.

Kipanga: Sawa, lakini msiseme helmeti imefika mwisho. Kwenye pikipiki, FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, tangu 2019 wanapima pia pigo la mshazari, lile linalozungusha kichwa. Kwa hiyo inawezekana.

Bibi Gia: Inawezekana, ila dereva anayeficha kizunguzungu asipoteze kiti chake je? Dale Earnhardt Jr., mtoto wa yule wa Daytona, naye dereva, alikiri kuwa aliwahi kuficha dalili, na 2016 akakosa nusu ya pili ya msimu. Mimi ningeanza na daktari mwenye mamlaka ya kumzuia mtu, hata timu ikinuna.