Nyota yangu haikuzi chochote, kosa liko wapi?

Kijana wa Bagira: Wakubwa wa Bukavu, nisaidieni, direkta ananingoja Jumatatu. Memwari yangu ni juu ya batobato, ugonjwa wa kirusi wa muhogo: aina mpya ya kirusi inavyoweza kutawala mashamba. Nimechora mtandao wa nyota, soko katikati, mashamba 100 pembeni, kila shamba limeunganishwa na soko tu. Aina mpya nimeipa nguvu ya kuzaana 1.1, ya zamani 1. Kwa hesabu ya Lieberman, Hauert na Nowak (2005), nyota inakuza uteuzi, yaani inampa mwenye nguvu nafasi kubwa zaidi: uwezekano wa aina mpya kuanza na moja hadi kutawala kote ungepanda kutoka kama 0.09 ya kundi lililochanganyika, kila mmoja jirani wa kila mmoja, hadi kama 0.17. Mimi napata 0.01! Nimerudia usiku mbili, umeme ukikatika naanza upya.

Yaya Grafu: Mdogo wangu, kwenye programu yako, kila hatua kirusi cha mahali pamoja kinakufa na cha jirani kinazaa nakala inayochukua nafasi. Nani anatangulia kuchaguliwa, anayezaa au anayekufa?

Kijana wa Bagira: Anayekufa, yaya. Naondoa mmoja kwa bahati, kisha majirani wake wanashindania nafasi.

Yaya Grafu: Basi programu ni nzima. Ile 0.17 ni ya kuzaa kwanza: anachaguliwa mzazi kwa nguvu yake, kisha nakala yake inafuta jirani yeyote. Ukianza na kifo, karibu kila mara anayekufa ni shamba la pembeni, na jirani yake ni mmoja tu, soko. Atashindana na nani? Hiyo 1.1 yako inafanya kazi siku soko lenyewe likifa, mara moja katika 101. Gawa 1 kwa 101 uone: umebaki na bahati nasibu tupu.

Mzee wa Kabare: Hesabu niliziacha zamani, ila muhogo nalima. Huku mtu anang'oa kwanza shamba lililoharibika, ndipo anatafuta vipando. Kifo kinatangulia kweli. Lakini mmesahau inzi weupe. Wao hawangoji mtu ang'oe, wanahamisha kirusi shamba kwa shamba, na sokoni hawapiti.

Mama Namba: Mzee kamaliza. Inzi ni kuzaa kwanza, ila mchoro wao ni gridi, kila shamba na majirani 4, kingo zikunjwe zikutane. Hapo utarudi kwenye kama 0.09, maana kila shamba linabadilishwa kwa kasi ileile. Tena hata 0.17 isikulevye: inadai aina mpya izuke popote kwa usawa. Ikizuka wakati wa kuzaliana, itazukia sokoni zaidi, na kitovu cha nyota kinafutwa karibu kila hatua. Ukuzaji unayeyuka.

Kijana wa Bagira: Aksanti sana! Kumbe usiku mbili nilikuwa nawinda kosa ambalo halipo. Naweka michoro miwili, vipando kwa nyota, inzi kwa gridi. Mzee, samahani, vipando vyenu mnanunua soko gani?

Mzee wa Kabare: Soko? Mimi vipando nachukua kwa shemeji.

Yaya Grafu: 😂 Mdogo wangu, futa nyota.