DJ kaiharibu picha ya Jessica, halafu mnailaumu picha!

Wakuu, salaam. Leo siandiki kwa upole.

Tangu Jumamosi makundi ya WhatsApp ya hapa Mtwara Mjini hayana mada nyingine zaidi ya ile picha ya zamani iliyooneshwa kwenye kibanda umiza kimoja, banda la kuoneshea video, huku mtaani kwetu. "Picha mbovu haijapata kutokea." "Haina stelingi." "Tumeliwa jero zetu." "Mwanamke chizi anapiga kelele mwanzo mwisho, mumiani anauawa, kwisha habari." Hata kaka mmoja ninayemheshimu sana kwa picha za zamani ameandika kwamba miaka ya sabini wazungu wenyewe walikuwa bado hawajajua kutengeneza muvi za kutisha, kwa hiyo tusishangae.

Jamani, mnachokiponda hamjakiona. Mmemsikia DJ, huyo anayeingiza maneno ya Kiswahili kwenye picha, akipiga kelele juu ya picha ya mtu, iliyokatwakatwa, mkadhani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Picha inaitwa Let's Scare Jessica to Death. Ni ya Marekani, ya mwaka 1971. Mwongozaji ni John Hancock, na hiyo ndiyo ilikuwa picha yake ndefu ya kwanza. Bajeti yake inatajwa kuwa kama dola 250,000, ambazo kwa Hollywood hata ya wakati ule zilikuwa fedha ndogo. Ndiyo maana humo ndani hamna majengo yanayolipuka wala jeshi la watu. Kuna nyumba moja kubwa ya zamani mashambani kule Connecticut, bustani ya matofaa, makaburi, maji, ukungu na waigizaji wachache. Kampuni ya Paramount ndiyo iliyoisambaza. Huyo "chizi" mnayemcheka ameigizwa na Zohra Lampert, mwanamke ambaye mwaka 1975 alipewa tuzo ya Emmy kwa kuigiza kwenye Kojak. Nawaambia kwa moyo wote, uso wa mama yule una kazi kubwa kuliko stelingi kumi mnaowapenda.

Sasa nieleze kisa kilivyo, kwa sababu nina hakika wengi mlitoka pale hamkijui.

Jessica ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Mume wake, Duncan, alikuwa mpiga muziki kwenye okestra ya New York Philharmonic. Ameacha kazi, amenunua shamba mbali na jiji ili mkewe apumzike. Wanakwenda na rafiki yao, Woody. Wanavuka na pantoni kufika kijijini, na wazee wa pale wanawaangalia kwa chuki. Kila mzee ana bandeji au kovu mahali fulani. Wakifika kwenye nyumba wanamkuta msichana anaitwa Emily anaishi humo bila ruhusa. Baadaye muuza vitu vya kale anawasimulia kwamba binti wa ukoo uliomiliki nyumba ile, Abigail Bishop, alizama majini mwaka 1880 kabla ya harusi yake, na mwili haukupatikana. Darini kuna picha ya fremu ya ukoo huo. Abigail anafanana na Emily.

Lakini hiyo siyo habari yenyewe. Habari yenyewe ni kwamba Jessica anaona vitu na anasikia sauti, na HAWEZI KUSEMA. Pale makaburini anamwona msichana mwenye nguo nyeupe, anageuka kuwatazama wenzake, kisha anameza maneno yake. Ndani ya kichwa chake tunamsikia akijiambia usiwaambie, watadhani umerudia. Akitaja alichokiona, mume na rafiki wataangaliana. Asipotaja, anabaki nacho peke yake. Na kuna pale wanapoingia kwenye nyumba, anaona mtu juu ya ngazi, anaganda kwa hofu, halafu anagundua kwamba na wale wanaume nao wamemwona. Mwangalieni Lampert pale! Anacheka kwa furaha, karibu alie. Furaha yake yote ni kwamba safari hii hakuona peke yake. Ni kwa furaha hiyo ndiyo anamkaribisha Emily abaki. Anamwingiza mwenyewe nyumbani kwake kwa sababu ya shukrani.

Hapo ndipo picha ilipo. Na hapohapo, wakuu, ndipo DJ wetu alipopaza sauti: "Huyo dada mnayemwona ni MUMIANI, kafa miaka mia iliyopita, sasa subirini awanyonye!"

Dakika za mwanzo kabisa! Kabla Emily hajafungua mdomo!

Nilitamani kulia. Watu wa Mtwara mnaijua ngoma ya mapiko. Anayecheza amevaa sura ya mti, watoto wanakimbia, wakubwa wananyamaza, na hakuna mwenye akili anayesimama katikati ya uwanja kutaja jina la aliyevaa. DJ amefanya hivyo hasa. Tangu dakika ile, kila kilichofuata kilikuwa kumsubiri mumiani ang'ate. Swali la kwamba labda Jessica anaumwa, labda mume amechoka naye, labda Emily ni msichana wa kawaida anayependwa na wanaume wawili, lote likafutwa. Halafu mnauliza mbona picha inachelewa! Inachelewa kwa sababu mlishaambiwa mwisho.

Na hakuishia hapo.

Picha inaanza na Jessica peke yake kwenye mtumbwi, ukungu umetanda, maji yametulia, anasema haamini kwamba yametokea na bado inambidi aamini. Maana yake yote tutakayoyaona anatusimulia yeye, mtu ambaye mwenyewe hajui kipi ndoto na kipi kweli. Kipande hicho nakala ya DJ haina. Kimekatwa. Picha nzima ni dakika 89, na tuliyooneshwa haikufika hata saa moja na robo.

Zile sauti za kunong'ona zinazoita jina la Jessica kaziwekea singeli juu. Narudia: singeli. Muziki wa picha hii ni wa kimyakimya, gitaa na milio ya ajabu ya mashine za umeme za wakati ule, na mara nyingine hausikii kitu isipokuwa upepo na maji. Kimya kile ndicho kinachokufanya uanze kusikiliza kama Jessica anavyosikiliza. Badala yake tukapigiwa ngoma ya harusi.

Halafu kile kilichoniudhi kuliko vyote. Jessica anaweka karatasi juu ya mawe ya makaburi, anasugua mkaa, maandishi yanatokea, anakwenda kuyabandika chumbani kwake. DJ anasema: "Tazameni, huyu kweli katoroka Mirembe," yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Tangu hapo kila Jessica alipotetemeka, watu walipiga kelele "Mirembe! Mirembe!"

Mnajua muswada wa kwanza wa picha hii ulikuwaje? Ulikuwa wa vichekesho, kuwadhihaki mahipi wanaonyonywa damu. Hancock alipopewa aliuandika upya, akaondoa mzaha, akamweka katikati mwanamke mgonjwa na akamchukulia kwa uzito. Mtu alihangaika mwaka 1970 kukitoa kicheko, na DJ wetu kakirudisha kwa kumcheka mgonjwa.

Kila mtu humu anamfahamu mtu aliyerudi nyumbani baada ya matibabu ya akili. Akicheka sana, watu mezani wanatazamana. Akinyamaza, wanatazamana. Akisema kasikia mlango umegongwa, kabla hata ya kwenda kuangalia mlangoni wanamuuliza kama amemeza dawa. Sijawahi kuona picha iliyoonesha jambo hilo kwa ukweli kama hii. Jessica anaongozwa mpaka ulipo mwili wa yule muuza vitu vya kale, anakimbia kumleta mumewe, wakifika hakuna kitu. Mumewe hamgombezi. Anamwonea huruma tu, na huruma ile inaumiza kuliko kofi. Nyie mlicheka pale. Najua mlicheka kwa sababu nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yenu.

Baadhi yenu mna malalamiko ambayo si ya DJ, nami nayaheshimu. Mkuu mmoja kaandika kwamba jina la picha linadanganya, linaahidi watu wanapanga njama ya kumtisha Jessica na njama yenyewe haionekani waziwazi. Ni kweli. Jina ni la kibiashara, limekaa vibaya. Mwingine kasema Duncan na Woody hawana uzito. Kwa Duncan nakubali kidogo, kwa Woody nakataa. Pale anapoendesha trekta la kupulizia dawa kwenye matofaa na wingu la dawa linapita kati ya miti, kibanda chote kilinyamaza bila kuambiwa, hata DJ alikosa la kusema. Sisi tunaujua moshi ule. Tumekulia kwenye mikorosho inayopuliziwa salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, tunajua mtu anavyopotea ndani ya weupe ule ukabaki kusikia mashine tu. Dakika zile chache ndizo pekee mlizoiona picha ya Hancock.

Na aliyesema wale wazee wenye bandeji ni ndondocha, yaani misukule, nampa mkono. Hayo ni mawazo ya mtu wa Kusini aliyetazama kwa macho yake, na yana mantiki: wanatembea pamoja, hawasemi, wana alama, na ni kama wanamtumikia mtu. Nitabishana naye usiku kucha kwa raha. Ninachokataa ni mtu mwenye maikrofoni kuamua kwa niaba ya benchi zima.

Simpingi mtu kuingiza Kiswahili kwenye picha. Tangu zama za Lufufu, yule mtafsiri wa picha wa zamani, kazi hiyo imewafikishia picha watu ambao Kiingereza hawakijui, mama zangu wadogo wakiwamo, na mtafsiri mzuri ni hazina. Anakupa maneno yaliyosemwa, anakueleza mila usiyoijua, anajua pa kunyamaza. Huyu wetu aliona kimya akadhani ni pengo la kujazwa.

Mwisho wa picha ndio kabisa. Jessica anakimbilia kwenye pantoni, mwenye pantoni anakataa kumpandisha. Anachukua mtumbwi. Mkono unatokea majini, anamchoma mwenye mkono huo kwa mti wenye ncha, na mwili unaogeuka juu ya maji ni wa mumewe. Ufukweni wamesimama wale wazee na Emily. Picha inatuacha hapo, na yeye katikati ya maji. DJ akasimamisha picha akatangaza: "Na hivyo ndivyo Jessica alivyomuua mumiani na kurudi kwao salama!" Watu wakapiga makofi, wakatoka. Mwanamke amemchoma mumewe, mnapiga makofi!

Nilimfuata mwenye kibanda kwa heshima. Nikamwambia, "Kaka, nakala ile imekatwa na maelezo ya mwisho si ya kweli." Akanijibu, "Mdogo wangu, watu wa huku wanataka ngumi na majini. Ukiwawekea mtu anawaza tu, watanivunjia mabenchi."

Watu wa huku! Wewe ni wa huku, baba yako ni wa huku, unakula korosho za huku, halafu unatuona hatuwezi kukaa saa moja na nusu na swali lisilojibiwa? Kwa hasira hii ndiyo nimefungua uzi.

Ninachotaka kiko wazi. Kibanda kioneshe picha nzima, na sauti yake, na maandishi ya Kiswahili chini. Maneno yenyewe ni machache, nimeshaanza kuyaandika na nitamalizia wiki hii, sitaki hata senti. Viingilio vya siku hiyo vyote viwe vya kwake. Na DJ aondoe ile nakala sokoni, kwa sababu imeanza kunakiliwa kwenye flashi za watu mpaka Mikindani, na nimesikia imeshafika Lindi.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza hapo chini "sasa ukweli ni upi, Emily mumiani au Jessica mgonjwa", sikujibu kwa makusudi. Mimi naegemea upande mmoja, ila nakuomba kwanza utazame kitu kimoja ambacho DJ alikiruka. Ile picha ya ukoo wa Bishop walimuuzia yule muuza vitu vya kale. Baadaye Jessica anapanda darini anaikuta imerudi. Nani kairudisha? Anza hapo, halafu uje tubishane.

NYONGEZA 2: Anayeandika "tuachie ngumi zetu", ngumi hakuna aliyezigusa, zinaoneshwa Jumatatu hadi Ijumaa. Nimeomba Jumamosi moja.