Boston: mtaa wa Waitaliano wa North End, nile wapi?

MwanaKalenga: Kamwene wakuu. Mwezi wa nane naenda Boston kikazi. Nimekulia Iringa, jirani na misheni ya Tosamaganga, tambi za mapadre wa Kitaliano wa Consolata nazijua tangu utoto. Naambiwa nisiikose North End. Waitaliano wapo kweli au limebaki jina? Mfuko wenyewe si mnene.

FundiSahani: Kamwene mdogo wangu. Nimeosha vyombo mgahawa mmoja Hanover Street, nakujibu kutoka jikoni.

Mtaa ulikuwa wa Waayalandi, wakaja Wayahudi, na kuelekea 1900 Waitaliano wakaujaza, wengi wa Sisilia na Napoli. Waliitana kama Wakinga wanavyoitana kwenda kufungua duka: akitangulia kaka, wadogo wanafuata. Vibarua, wavuvi, wauza matunda, wamebanana vyumbani. Tarehe 15 Januari 1919 tangi la molasi (hii hii tunayowapa ng'ombe) lilipasuka pale Commercial Street, likaua watu 21.

Miaka ya 1950 wakapitisha barabara kuu juu ya nguzo, mtaa ukatengwa na mji. Baadaye ikashushwa chini ya ardhi, juu pakawa bustani. Sasa kodi haishikiki, wajukuu wengi wamehamia pembeni ya mji. Jikoni kwetu Kihispania ndicho kilichotawala. Wazee wa Kitaliano bado utawakuta, wamekaa na kahawa zao.

Kula: Regina, Thacher Street, ipo tangu 1926. Pizza ya tanuri la matofali, moja kubwa mnashiba wawili. Nenda saa nane mchana, jioni foleni inakatisha tamaa. Migahawa mingi midogo haiuzi kahawa wala vitamu. Ukimaliza kula unahamia Caffè Vittoria. Migahawa ya kukaa barabarani upige picha iache, unalipia kiti.

BintiMafinga: Kaka, umesahau cannoli, vile vitamu vya ganda la kukaanga lenye jibini ndani! Wote wanabeba boksi la duka la Mike's. Mimi ni duka la Modern, ng'ambo ya barabara. Ijazwe jibini mbele yako, ikikaa ganda linalegea.

Abuu_Ipogolo: Ganda la asili hukandwa na mafuta ya nguruwe. Waislamu tuulize kwanza.

FundiSahani: Kweli kabisa shehe. Na wewe Kalenga, jitahidi uwepo wikiendi ya mwisho ya Agosti: sikukuu ya Mtakatifu Anthony, tangu 1919, mwaka uleule Consolata walioingia Iringa. Sanamu inapitishwa mitaani imebandikwa noti, na soseji zinachomwa nje. Beba pesa taslimu.

MwanaKalenga: Narudi tarehe 24. Naanza kumwomba bosi leo.