Tupeane uzoefu: uliyezoea kuandika programu peke yako, ulianzaje kujitolea kwenye mradi wa programu huria?

Mdau wa Nyegezi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Nyegezi, Mwanza. Kuandika programu ndiyo kazi inayonilisha mimi na familia kwa miaka mingi sasa: mifumo ya mauzo kwa maduka ya jumla pale mjini kati, mifumo ya SACCOS, ya maduka ya dawa, tovuti za shule. Karibu vyote nimefanya mwenyewe, kuanzia kupanga kanzidata (hifadhi ya taarifa za mfumo) mpaka kwenda Igoma kufunga printa ya risiti. Mteja akipiga simu usiku, anayeamka ni mimi. Msimbo wangu, yaani maandishi yenyewe ya programu, haujawahi kusomwa kwa makini na mtu mwingine, na hilo ndilo limeanza kunisumbua.

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) na PostgreSQL (programu ya kanzidata) ninazozitegemea kila siku ni za namna hiyo: zimejengwa na watu wanaosomeana kazi zao hadharani, na wengi wao hawajawahi kuonana. Nataka na mimi niingie. Nataka kujifunza kufanya kazi na wenzangu, na nataka kitu nilichokiandika kiendelee kuishi hata mteja akifunga duka.

Nimefungua miradi kadhaa, nikasoma, nikafunga. Lugha ya programu haikuwa tatizo. Nilikwama kwenye taratibu za mle ndani: nani anaombwa ruhusa, unaanza na kipande gani, ukikaa wiki bila kujibiwa unafanyaje.

Aliyepita njia hii atusimulie alichokutana nacho mwenyewe. Wa Bukoba, Musoma, Ukerewe, Geita, wote karibuni, hata kama ulichochangia si msimbo.

Mdau wa Buswelu

Naweka kambi hapa. Mada muhimu sana hii.

Mdau wa Isamilo

Karibu sana kaka. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: anzia kwenye programu unayoitumia, usianzie kwenye ile yenye jina kubwa.

Mimi nipo kwenye mifumo ya afya, na huku programu huria zimejaa. DHIS2, ambayo Wizara ya Afya inaitumia kukusanya takwimu za vituo, inaendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lakini mizizi yake ni Afrika Kusini miaka ya 1990. OpenMRS ya kumbukumbu za wagonjwa ilianza 2004, na mwaka 2006 ilikuwa tayari inafanya kazi Eldoret, jirani zetu hapo Kenya. Kwa hiyo usijione mgeni. Baadhi ya programu hizi zimekomaa kwenye vituo vinavyofanana na vya kwetu.

Sasa nikusimulie jambo lililoniingiza, mradi wenyewe nisiutaje. Dada wa mapokezi aliniambia kuna fomu moja, ukimwandikisha mtoto aliyezaliwa tarehe 5, ukirudi kumtazama unakuta amezaliwa tarehe 4. Wenzake walimwambia anabonyeza vibaya. Nikakaa naye mezani nikamwangalia, na alikuwa anabonyeza sawasawa kabisa.

Fomu ilikuwa inaichukua tarehe 5 kama saa sita kamili usiku, pale siku inapoingia, kwa saa za kompyuta ile. Kabla ya kutuma kwenye seva, programu inageuza muda huo kuwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Tarehe 5 ikiwa ndiyo kwanza inaingia Mwanza, kwa UTC bado ni saa tatu usiku ya tarehe 4. Halafu programu inakata saa na kubakiza tarehe peke yake, na mtoto anaongezewa siku. Walioiandika fomu walikuwa Marekani. Kwao siku ikiingia, UTC ni alfajiri ya tarehe ileile, kwa hiyo wangejaribu mwaka mzima wasione kitu. Ilihitaji mtu aliyekaa upande wetu wa dunia.

Niliandika taarifa ya tatizo hatua kwa hatua, kisha nikaomba nilishughulikie mwenyewe. Msimamizi alijibu vizuri, ila hakutaka marekebisho kwanza. Alitaka jaribio linalofeli: niiweke kompyuta kwenye saa za Africa/Dar_es_Salaam, nioneshe tarehe inarudi nyuma, ndipo nilete dawa. Pia alitaka dawa isimame peke yake, pasiwe na usafi wa majina wala mpangilio mpya wa faili ndani yake, ili atakayesoma historia miaka mitano ijayo aone ni mstari gani ulitibu tatizo gani. Mteja hajawahi kuniomba kitu kama hicho. Tangu siku hiyo, hata kazi zangu za kulipwa nazifanya hivyo.

Mdau wa Kirumba

Dada wa Isamilo kamaliza sehemu kubwa. Mimi niongelee rivyu, yaani wenzako kukagua msimbo wako, maana kwa developa mzoefu hapo ndipo moyo unapojaribiwa.

Ukishazoea kuwa peke yako, kila uamuzi ni wako. Unatuma PR, yaani ombi kwamba mabadiliko yako yaunganishwe na msimbo mkuu, halafu kijana ambaye pengine ndiyo kwanza amemaliza chuo anakuandikia: jina la kigezo hiki halieleweki, kipande hiki kipo tayari kwenye faili lingine, hapa ikija orodha tupu itakuwaje? Na mara nyingi yuko sahihi, kwa sababu yeye anaujua ule mradi na wewe hujaujua. Uzoefu wako unakusaidia kuelewa haraka anachokisema. Haukupi cheo.

Ni kama kuhamia nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengi: hata taa ya korido huibadilishi kabla ya kuuliza wenzako wanaichangiaje.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari hata mmoja, soma faili la CONTRIBUTING (mwongozo wa wachangiaji) kama lipo, soma leseni, halafu soma PR za zamani, zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Hizo za pili zina faida kuliko zote, kwa sababu humo wasimamizi wanaeleza nini hawakitaki na kwa nini. Kila mradi una desturi zake. Kiini cha Linux mpaka leo kinapokea mabadiliko kwa barua pepe, na kila badiliko lina mstari wa Signed-off-by ambao mchangiaji anathibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo ule. Git yenyewe, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianza 2005 kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Miradi mingine inakutaka usaini makubaliano kabla ya kupokelewa. Usikasirike, ni ulinzi wa wote.

Wazo likiwa kubwa, usiliandike kimyakimya mwezi mzima halafu ukaja kuwashtukiza. Fungua mjadala, eleza tatizo, eleza njia unayoifikiria, subiri. Wanaweza kukwambia mwenzako alishaanza.

Mdau wa Mkuyuni

Wakuu, naomba kutofautiana kidogo. Bando nanunua mimi, umeme nalipa mimi, usiku silali, halafu kampuni kubwa za nje zinachukua kazi hiyo na kutengenezea fedha. Developa wa Mwanza mwenye watoto wanaosubiri ada anajitolea kwa nani hasa? Sipingi kujifunza. Nauliza kwa dhati.

Mdau wa Kirumba

Mkuu, hoja yako ni nzito na siidharau. Ni kweli kwamba kazi inayofanywa na watu wachache bila malipo inabeba biashara kubwa. Desemba 2021 lilipogundulika tatizo la usalama kwenye Log4j, kipande cha programu cha kuandika kumbukumbu za matukio, kampuni kubwa dunia nzima zilihangaika, na walioketi kulirekebisha walikuwa kundi dogo la watu wanaojitolea. Huo ni udhaifu wa dunia nzima ya programu huria, na wenzetu wanaupigia kelele.

Lakini upo mlango wenye posho pia. Google Summer of Code ilianza 2005 kwa ajili ya wanafunzi, na kuanzia 2022 walifungua kwa wasio wanafunzi, ilimradi uwe na miaka 18 au zaidi na uwe mgeni kwenye programu huria. Developa mzoefu ambaye hajawahi kuchangia anaweza kuomba. Outreachy nayo inalipa, na inalenga watu wa makundi yanayobaguliwa au yasiyo na uwakilishi kwenye teknolojia.

Kwa asiyetaka hayo, mimi nilijiwekea mpaka: Jumamosi asubuhi peke yake. Wateja wanajua, nyumbani wanajua. Nikiahidi kitu kwenye mradi nasema nitakifanya Jumamosi, na nikishindwa naandika mapema kwamba kazi iko wazi, mwingine achukue. Ukikaa nayo kimya unawazuia wenzako.

Mdau wa Isamilo

Nyongeza kuhusu kusubiri na kukaguliwa. Machi 2024, Andres Freund, developa wa PostgreSQL, aliona kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepandikizwa kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayopatikana karibu kila Linux. Aliyeupandikiza alikuwa amejifanya mchangiaji mwema kwa zaidi ya miaka miwili, wakati msimamizi halisi amechoka na anasukumwa aongeze mtu wa kumsaidia.

Kwa hiyo kaka wa Nyegezi, ukiona wanakagua kazi yako mara mbilimbili, au hawakupi haki ya kuunganisha mwenyewe, usisome dharau hapo. Na ukiona msimamizi amechoka, msaada anaouhitaji pengine si kipengele kipya. Pitia taarifa za matatizo zilizorundikana, jaribu moja baada ya nyingine kwenye toleo la sasa, andika ipi bado ipo na ipi imekwisha. Ni kazi isiyo na sifa, lakini wasimamizi hawamsahau mtu anayeifanya.

Mdau wa Sengerema

Mimi nieleze ya bando na umeme, maana huku ndiyo yanayokwamisha.

Miradi mikubwa ina historia ndefu, ukiivuta yote bando linaisha kabla hujasoma kitu. Tumia `git clone --depth 1`, unapata hali ya sasa tu. Vifurushi vizito vya kuendeshea mradi navuta usiku wa manane kwa bando la usiku, mara moja, kisha nafanya kazi bila mtandao. Hapo ndipo Git inaponifurahisha: naandika, nahifadhi hatua kwa hatua kwenye laptopu, umeme ukirudi na mtandao ukikaa vizuri natuma vyote.

Saa nazo zina faida. Ukituma PR saa mbili usiku, New York kipindi cha kiangazi chao ni saa saba mchana, msimamizi yupo kazini. Unalala, asubuhi unakuta maoni. Vikao vya video mimi nimewaambia wazi siviwezi, naandika maoni yangu kabla ya kikao. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu nyingi ya kazi hizi zinaendeshwa kwa maandishi.

Mdau wa Ukerewe

Salaam kutoka Nansio. Mimi ni mwalimu, programu naandika kidogo. Nilianzia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza Uingereza 2004. Ukiangalia visiwa vyetu, sehemu nyingi majengo yalikuwa yamechorwa kutoka picha za setilaiti, lakini hayana majina. Mtu aliye mbali anaona paa, hajui kama ni zahanati, shule au ghala la dagaa. Nilikuwa natembea na simu nikiandika majina ya mialo, visima na njia zinazopitika mvua zikinyesha.

Sheria ya kwanza niliyofundishwa: usinakili chochote kutoka ramani za kibiashara, hata jina moja, kwa sababu leseni hazipatani. Ya pili: ukibadilisha alichoweka mwenzako, mwandikie sababu. Kulikuwa na mabishano marefu kuhusu jina la mwalo mmoja, wavuvi wanauita hivi na wenyeji wa kijijini vile. Tukakubaliana yote mawili yaingie, moja kama jina kuu na jingine kama jina la ziada, sehemu hiyo ipo kwenye mfumo.

Tafsiri nayo ni mlango. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haijaisha. Programu nyingi zina maneno yaliyotafsiriwa nusu, na wewe developa una faida, maana unajua kitufe kile kinafanya nini hasa.

Mdau wa Nyegezi (mwanzisha mada)

Wakuu, asanteni mno. Mmenipa vitu ambavyo nisingevipata popote.

Nimeamua. Nitaanza na maktaba moja (msimbo wa tayari unaotumika ndani ya programu nyingine) ya kutengeneza PDF za risiti ambayo naitumia kwa wateja wangu wote. Kuna tatizo naliona kwenye jedwali refu linapovuka ukurasa: kichwa cha jedwali hakijirudii. Nimetafuta, kuna mtu aliripoti zamani, hakuna aliyeendelea. Wikiendi hii nitasoma PR zao za zamani kwanza.

Swali la mwisho. Nina mkataba wa muda na kampuni moja ya hapa, nafanya kazi kwao siku kadhaa kwa wiki. Kuna kifungu kinasema kila nitakachobuni ni mali yao. Nikirekebisha maktaba ile nyumbani, kwa laptopu yangu, kuna shida?

Mdau wa Kirumba

Usiache hilo lielee. Waandikie barua pepe fupi kabla hujatuma chochote: taja jina la mradi, leseni yake, kwamba utafanya nje ya saa zao na kwa vifaa vyako, na kwamba hutagusa msimbo wao. Omba wajibu kwa maandishi. Kama maktaba hiyo mnaitumia pia kwenye kazi zao, waambie marekebisho yatawafaidi wao kwanza. Mimi nilijibiwa siku hiyohiyo na jibu nalitunza mpaka leo. Wakikataa, pitia kifungu hicho na mwanasheria kabla ya kusaini mkataba unaofuata.

Na kwenye ile taarifa ya zamani usiandike "hata mimi naliona". Weka toleo la maktaba, jedwali dogo kabisa linaloonesha tatizo, ulichotarajia na ulichokipata. Ukimaliza, weka hapa maelezo yako kabla ya kuyatuma. Dada wa Isamilo na mimi tutayasoma.