Je, redio hupunguza umakini wa wachambuaji wa korosho?

Msimamizi, Lindi
Ndugu wanajukwaa, ninasimamia kiwanda kidogo cha kubangua korosho ambamo kina mama huketi mezani wakitenga korosho nzima na vipande, nyeupe na zilizoungua. Mwenye kiwanda anataka redio izimwe, kwa kuwa anaamini mtu hawezi kufuatilia mpira na papo hapo kuona doa dogo. Wachambuaji wanajibu kwamba macho yao yako mezani, na masikio hayachambui kitu. Saikolojia inasemaje? Makosa yapo kweli, hasa wakiwa wamekaa muda mrefu, nami sipendi kumwita mtu mvivu kwa jambo ambalo huenda ni kikomo cha kila mwanadamu.

Mwalimu wa Shangani, Mtwara
Jambo hili lilianza kuchunguzwa kwa masikio. Mwaka 1953 Colin Cherry wa Uingereza aliwavalisha watu hedifoni, kila sikio likapewa maneno yake, akawataka warudie kwa sauti yale ya sikio moja tu. Walitambua sauti ya sikio la pili ilipobadilika kutoka ya mwanamume kuwa ya mwanamke, lakini hawakujua hata ilipoanza kusema Kijerumani. Kutokana na majaribio ya namna hiyo, Donald Broadbent alieleza mwaka 1958 kwamba akili ina chujio linaloruhusu mkondo mmoja tu ufikie hatua ya kutambua maana. Chujio hilo lilionekana kuvuja mapema: mwaka 1959 Neville Moray aligundua kwamba takriban theluthi moja ya watu husikia jina lao likitajwa katika sikio wasilolizingatia, na baadaye Anne Treisman akasema kwamba chujio hufifisha tu, halizibi. Ndiyo maana mchambuaji anayedai hasikilizi redio hushtuka bao linapofungwa.

Mdau wa Nachingwea
Shikamoo Mwalimu. Hayo ni kweli, ila yanahusu sikio dhidi ya sikio, ilhali hapa ni jicho dhidi ya sikio. Daniel Kahneman, katika kitabu chake cha mwaka 1973, aliuchukulia umakini kama akiba ya jitihada isiyo kubwa, ambayo kazi zote huigawana, hata zikipitia milango tofauti ya fahamu; kwa hiyo hoja ya kwamba macho yako mezani haitoshi kuwa utetezi. Hata hivyo, mwenye kiwanda naye asishangilie. Mwaka 2001 David Strayer na William Johnston waliwapa watu kazi ya maabara inayofanana na kuendesha gari. Waliokuwa wakizungumza kwa simu walikosa taa nyingi zaidi, hata simu ilipokuwa haishikwi mkononi, lakini kusikiliza redio hakukuleta madhara ya kupimika. Kinachokula akiba, kwa maoni yangu, ni kutunga jibu. Wakianza kubishana kuhusu refa, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Msimamizi, Lindi
Asanteni sana. Na yale makosa ya baada ya kukaa muda mrefu?

Mwalimu wa Shangani, Mtwara
Marahaba, Mdau. Msimamizi, hilo lina historia yake. Norman Mackworth, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1948, aliwaketisha watu kwa saa mbili wakiangalia mshale wa saa ambao mara chache uliruka hatua mbili badala ya moja, na uwezo wao wa kuugundua ulishuka tayari baada ya nusu saa ya kwanza. Tofauti iliyopo ni kwamba kwake ishara zilikuwa adimu, na kwenu vipande huenda ni vingi, hivyo sitasema matokeo yake yanahamia mezani kwenu moja kwa moja. Andika makosa ya kila nusu saa, siku zenye redio na zisizo nayo, wapumzishe kwa zamu, kisha utuletee takwimu zako hapa.