Tupeane uzoefu: neno la Kiingereza lililokutoa jasho, urefu umepangwa na herufi umepewa

MtotoWaLangoni: Assalaam aleikum wapenzi wa Scrabble (ule ubao wa kupanga herufi saba kuwa maneno ya pointi), Wordle (kubahatisha neno la herufi tano) na mafumbo ya gazetini. Jana pale Mkunguni, Lamu, kando ya wazee wa bao, nimewaona vijana wawili wameinamia ubao. Mmoja ana Q, U hana, amekwama kabisa. Nimekumbuka mengi. Leteni yenu: neno gani lilikuhangaisha, na ulitokaje? Mimi nasema ukingoja neno zima likujie utakesha. Anzia mkiani. Ukiwa na I, N, G, ziweke kando. E na R vilevile. Kisha tazama kilichobaki.

Bi_Shungi: Kweli tupu. Mkiani kwanza.

KakaWaMkomani: Huyo kijana angeweka QI akapumua. QAT ipo, SUQ ipo, FAQIR ipo. Q ni pointi 10, na mwenzio akimaliza wewe bado unayo, unakatwa wewe na anaongezewa yeye.

Malindi_Kwetu: Donda langu mimi ni Wordle, Januari 2022. Niko juu ya tuktuk nangoja abiria. F, A, V, O zote zimekaa mahali pake, imebaki herufi moja ya tano. Nikasema hapa hakuna neno! Shuleni tumefunzwa favour, herufi sita, ukisahau U unachapwa. Kumbe jibu ni FAVOR. Waingereza nao walilalamika sana siku ile. Na aliyeubuni mchezo, Josh Wardle, ni mtu wa Wales, lakini tahajia akafuata ya Marekani. Nimepoteza siku nyingi za kushinda mfululizo nilizojenga kwa taabu, na bado yaniuma.

KakaWaMkomani: Kwani simu huna? Kuna programu, unaipa urefu na herufi, inakuletea maneno yote.

MwalimuMstaafu: Huo ni wizi, mwanangu.

KakaWaMkomani: Shikamoo mwalimu. Lakini fumbo la gazeti halina mpinzani. Nimemwibia nani?

MwalimuMstaafu: Marahaba. La gazeti fanya utakavyo. Ukiwa na mtu mbele yako, simu iende mfukoni.

MwanaWaFaza: Ngojeni niwape ya Mkanda, ule mlango wa bahari mwembamba kati ya Manda na bara. Nilikuwa kidato cha tatu, narudi shule Lamu baada ya likizo, nimebeba Scrabble ya chama chetu. Boti ilichelewa kuondoka, tukaingia Mkanda maji yashapwa, tukapanda mchanga. Mikoko huku, mikoko huku, na mbu wameanza kazi. Ndani yumo mama mjamzito anapelekwa hospitali, mwalimu wa msingi. Uchungu ukamshika palepale. Wanawake wakamzungushia leso, na bibi mmoja mkunga akawa anamwambia bado, bado. Yule mama akauona ubao, akaniambia, "Tandika hiyo mwanangu, nipate la kufikiri."

Tukacheza juu ya dumu la mafuta lililolazwa, kwa tochi. Uchungu ukija anafumba macho, ananishika mkono hadi kucha zinaingia. Ukipita anarudi kwenye herufi zake, anazisogeza kwa kidole kimoja: A, E, I, N, R, S, T. Mchezaji yeyote anajua hizo ni lulu. RETAINS imo, NASTIER imo. Lakini pa kuziweka hapana, ubao umebana. Lazima apitie herufi iliyokwisha kulala, apate neno la herufi nane. Kulikuwa na D moja wazi kuliani. Nikataka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Uchungu ukaja tena, ukapita. Kisha akaziweka moja moja: STRAINED. Saba zote zimetoka! Herufi pekee pointi 9, na ziada ya 50. Nilipiga ukelele, nahodha akadhani mtoto kazaliwa. Maji yalipojaa tukasukuma, tukafika. Alijifungua hospitali kabla ya alfajiri.

Bi_Shungi: Ya Rabi! Mtoto gani? Mama mzima?

MwanaWaFaza: Msichana. Wazima wote, alhamdulillahi.

FundiMashua: Nahodha gani huyo aingie Mkanda maji yakipwa, na mgonjwa ndani? Angezunguka nje.

MwanaWaFaza: Ilikuwa kusi, ami. Azunguke nje ya Manda na mja mzito?

FundiMashua: Basi angengoja maji.

Bi_Shungi: Mwenye uchungu angoje?!

FundiMashua: Si aliishia kungoja mchangani?

MtotoWaLangoni: Jamani, nahodha mwacheni, turudi kwenye herufi.

MwalimuMstaafu: Herufi saba za mama huyo zijueni na kila herufi ya nane. Ukipata B ni BANISTER. L, LATRINES. H, HAIRNETS. G, GRANITES. Kukariri huko ndiko kunakokuokoa.

Bi_Shungi: Mimi sikariri. Nazipanga kwa duara kwenye karatasi, herufi isiwe na mwanzo wala mwisho, na jicho linaona lenyewe.

KakaWaMkomani: Mwalimu yuko sawa. Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015, na Kifaransa hakizungumzi. Alikariri maneno tu.

Malindi_Kwetu: Na mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza. Tunaweza!

FundiMashua: Mimi nasema tena, Mkanda hauingiliwi maji yakipwa.

UkhtyShela: Samahanini, nimekwama na fumbo la leo. Herufi tano, ya pili Y, ya mwisho H, irabu hakuna. Dokezo ni utomvu wa mti wenye harufu. Nimejaribu NYMPH na LYMPH, hayaingii.

Bi_Shungi: Ya nne je?

UkhtyShela: R.

MwalimuMstaafu: MYRRH, binti yangu.